Ukumbi Mdogo Unakuona: Mwongozo wa Kwenda Kutazama Maonyesho ya Chuo Kikuu

Mara ya kwanza kupangiwa kusimama mlangoni kwenye onyesho la wanafunzi, nilipewa tochi, kitabu cha risiti na onyo moja: asipite mtu mbele ya mfalme. Sikulielewa hadi taa zilipozimwa. Viti havikufika mia, jukwaa lilikuwa sakafu ileile tuliyokanyaga sote, na mlango wa wageni ulifungukia hatua nne tu kutoka kwenye kiti cha enzi. Dakika ya kumi na tano hivi, nikiwa nimegeuka kumpa mtu chenji, mzee mmoja na mkewe wakapenya. Wakapita katikati, kati ya mfalme na mshauri wake. Mama alipomkaribia mfalme akainama kidogo, akasema, "Samahani baba, tumechelewa gari." Mfalme, kijana wa mwaka wa pili mwenye ndevu za kubandika, akanyoosha fimbo yake akamwelekeza kiti. "Karibu mama. Kaa, tulikuwa tunakusubiri." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mwongozaji alikuwa nyuma ya pazia ameshika kichwa.

Kwenye uwanja wa mpira au ukumbi mkubwa wa mjini, wewe ni kichwa kimoja gizani. Kwenye ukumbi mdogo wa chuo unaonekana, na kikohozi chako kinaingia kwenye mazungumzo ya watu walio jukwaani. Karibu kila ninalokushauri hapa chini linatokana na hilo. Mifano yangu mingi ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kwa sababu ndiko nilikozoea, ila ukiwa Nairobi, Makerere au Dodoma utabadilisha majina ya vituo tu.

Uliza kwanza: ukumbi gani, onyesho gani?

Mtu akikuambia "kuna onyesho Chuo," usitoke nyumbani bado. Wageni wengi wa Mlimani wakisikia neno ukumbi huelekea Nkrumah, lile jengo lililokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijachukua nafasi yake. Nkrumah ni mahali pa mihadhara mikubwa, makongamano na shughuli zenye vipaza sauti. Onyesho la wanafunzi wa sanaa linaweza kuwa kwingine kabisa: chumba cha mazoezi kilichozungushiwa mapazia meusi, darasa lenye ngazi, au uwanja wa nyasi chini ya mti. Omba jina la jengo na alama iliyo karibu nalo. Ukifika umepotea, usimuulize mtu yeyote anayepita. Tafuta kijana aliyebeba ngoma au mfuko wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani.

Swali la pili ni aina ya onyesho. Idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa Mlimani mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na waliopita hapo walikuwa na kazi ya kutafuta sanaa ya jukwaa isiyoazimwa kutoka nje. Ebrahim Hussein, aliyesoma hapo, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando na Amandina Lihamba waliandika, wakafundisha, na wakatoka na wenzao kwenda vijijini, kama walivyofanya Malya huko Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutengeneza maonyesho pamoja na wanakijiji juu ya matatizo yao wenyewe. Katika kutafuta huko waliingiza ngoma, majigambo, nyimbo na utambaji wa hadithi ndani ya tamthilia. Urithi huo bado upo, na unakuhusu wewe uliyekaa kwenye kiti: mtambaji anaweza kuja hadi mbele yako na kukusemesha.

Kwa hiyo jua utaulizwa. Miaka ya 1980 kilikuwepo kikundi cha watu wa chuo kilichojiita Paukwa, na jina hilo peke yake ni maelekezo tosha kwa mtazamaji. Mtambaji akisema "Paukwa!" na ukumbi ukakaa kimya kama uko msibani, umemwangusha kabla hajaanza. Jibu "Pakawa!" kwa sauti, hata kama umekuja na bosi wako.

Si kila onyesho liko hivyo. Mengine waigizaji wanaishi kwenye sebule yao kana kwamba haupo, na ukijibu utaharibu. Kipimo changu ni macho: ndani ya dakika tano za mwanzo, mwigizaji amekutazama machoni au anatazama juu ya kichwa chako? Akikutazama, umealikwa.

Kupata habari zake kabla hazijapita

Hili ndilo linalowashinda wengi. Maonyesho ya chuo hayana mabango barabarani wala matangazo ya redio. Tangazo ni karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa idara, picha iliyorushwa kwenye statasi za WhatsApp za wanafunzi, na basi. Ukilisikia leo, huenda ni kesho.

Fuata kalenda ya masomo. Kwa kawaida mwaka huanza kati ya Oktoba na Novemba na kwisha Julai, na maonyesho hujazana wiki za mwisho za kila muhula, kabla ya mitihani ya kuandika. Sababu ni rahisi: mengi ya maonyesho hayo ni mtihani wenyewe. Mwanafunzi anayesomea uongozaji anapata alama kwa kile utakachokiona, na aliyebuni taa vilevile. Agosti na Septemba usitarajie kitu. Miezi hiyo ni afadhali kufuatilia ratiba ya TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na ambayo ina tamasha lake la kila mwaka.

Njia ya uhakika ni kumpata mtu mmoja wa ndani. Ukishahudhuria onyesho moja, mfuate aliyekuwa mlangoni, mwachie namba yako, mwambie akuweke kwenye orodha. Atafurahi, kwa sababu kazi yake kubwa baada ya kukata tiketi ni kutafuta watu wa kujaza viti.

Ukishazoeana nao, omba kuingia kwenye mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa maleba na kuwasha taa zote. Watu wanayadharau. Februari 1982, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake wa kikundi cha kijiji cha Kamirithu walifungiwa milango ya Kenya National Theatre, Nairobi, wakahamishia mazoezi ya mchezo wao wa Maitũ Njugĩra chuo kikuu, kwenye ukumbi uitwao Theatre II. Watu wakamiminika kutazama mazoezi, maelfu kwa maelfu, hadi nayo yakazuiwa. Aliyesubiri siku ya uzinduzi hakuona kitu.

Soma saa vizuri

Bango moja huandika "7:00 PM," jingine "saa 1:00 jioni," na wapo wanaoandika "saa 7 jioni" kwa kuchanganya vyote viwili. Usikisie. Ukiona saa 7, uliza.

Halafu lipo suala la kuchelewa kuanza. Onyesho la mtihani huanza kwa wakati au karibu yake, maana watahini wana ratiba. Tamasha la muziki la mwisho wa muhula linaweza kuchelewa dakika arobaini na hakuna atakayeomba radhi. Fika nusu saa kabla kwa vyote viwili. Kama unaswali, kumbuka jua la Dar huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro kidogo, kutegemea mwezi; onyesho la saa 12 na nusu litakukamata katikati. Uliza mapema kama wamepanga kusubiri Magharibi. Wengi hufanya hivyo bila kuandika kwenye tangazo.

Kiingilio

Maonyesho ya mtihani mara nyingi ni bure. Ya vikundi na matamasha huwa na kiingilio kidogo, na wanafunzi hulipa pungufu. Beba noti ndogondogo, kwa sababu sanduku la mlangoni halina chenji saa ya kwanza, na mtandao wa simu huamua kulala pale foleni inapokuwa ndefu. Kama kuna lipa namba, lipa ukiwa nje kwenye nafasi, uingie na ujumbe tayari.

Hata kikiwa bure, acha kitu. Maleba unayoyaona yameshonwa kwa michango ya wanafunzi wenyewe, na yule malkia huenda amevaa pazia la chumba chake cha hosteli.

Kufika

Kwa usafiri wa daladala, Mlimani inafikika kutoka Mwenge na kutoka Ubungo. Ukishukia upande wa Mlimani City, Barabara ya Sam Nujoma, bado una mwendo hadi ndani, na ni mlima kweli, jina halidanganyi. Panda gari linaloingia chuoni au bodaboda. Kitambulisho kiwe mfukoni, getini unaweza kuulizwa unakwenda wapi, na jibu la "onyesho la sanaa, jengo fulani" linafungua njia kuliko "naingia ndani hapo." Vaa kwa heshima, bila makuu. Hakuna anayetarajia suti, lakini vyuo vyetu vina masharti ya mavazi na mlinzi ndiye anayeyatafsiri.

Beba kanga au koti jepesi. Utaikalia kama kiti ni cha plastiki, utajifunika kama kiyoyozi kinafanya kazi, na wakati wa masika utafunikia miguu yako, kwa sababu mbu hawalipi kiingilio.

Pa kukaa

Ukiingia usikimbilie kiti. Simama kidogo uangalie vitu vitatu: sakafu, feni na mlango.

Sakafu ikiwa bapa na viti ni vya plastiki, safu mbili za mbele ndizo pekee zenye thamani. Kuanzia ya nne utaona visogo. Na kama kuna mkeka umetandikwa jukwaani, hesabu kwamba sehemu kubwa itachezwa watu wameketi chini, hivyo hata safu ya pili ina hatari. Kaa ya kwanza, au ukingoni mwa njia ambapo unaweza kuinamisha kichwa. Ukumbi ukiwa na ngazi mambo ni mepesi zaidi. Mimi hupenda ngazi ya tatu au ya nne, pale macho yangu yanapolingana na macho ya mwigizaji aliyesimama.

Feni watu hawalifikirii kabisa. Waigizaji wa ukumbi mdogo hawana maiki. Sauti yao inapanda kutoka kifuani hadi kwako, na feni linalonguruma juu ya kichwa chako linakula ncha za maneno. Utasikia mwimbo wa sentensi na kukosa maana yake, hasa tamthilia ikiwa ya lugha nzito au ya kishairi. Wengi wanaotoka wakilalamika kwamba "wale watoto hawasikiki" walikaa chini ya feni. Chagua: joto na maneno, au upepo bila maneno. Taa za jukwaani zinaongeza joto, kwa hiyo si uamuzi mdogo.

Mlango kaa mbali nao, isipokuwa una mtoto au una kikohozi. Kila anayechelewa ataingia na mwanga wa korido.

Mara nyingine viti vimezungushwa pande tatu au nne, na jukwaa liko katikati. Wageni huhangaika kutafuta upande wa mbele. Haupo. Mwongozaji mwenye akili amepanga waigizaji wageukegeuke, na kila upande utapewa migongo kwa zamu. Pale ninachokifanya ni kutafuta wapiga ngoma walipo, kisha nakaa mkabala nao. Ukikaa ubavuni mwao utaondoka unasikia mlio masikioni hadi kesho.

Safu moja usiikalie hata ikiwa tupu: ile yenye vikaratasi vya kuhifadhi nafasi, meza ndogo na chupa za maji. Hiyo ni ya watahini. Nimeshawahi kumwomba mgeni wa heshima zake ahame kutoka hapo, akanijibu yeye ni mtu wa siku nyingi, na mtahini akamalizia kusahihisha amesimama. Pale siku hizi wanafunga kamba.

Kama onyesho lina usiku zaidi ya mmoja, nenda wa pili. Usiku wa mtihani waigizaji wanaogopa kalamu. Usiku unaofuata mtahini hayupo, mabega yameshuka, na vichekesho ambavyo jana vilipita kimya leo vinaanguka mahali pake.

Taa zikizimwa

Simu. Watu wanadhani tatizo ni mlio, na wanaiweka kwenye mtetemo. Mtetemo juu ya kiti cha plastiki unasikika kama nyigu ndani ya debe. Na hata ikinyamaza kabisa, mwanga wake ndio unaoumiza. Mimi nikiwa mlangoni naona vizuri: ukumbi mweusi, kisha uso mmoja unawaka bluu, dakika moja baadaye wa pembeni yake, kama taa za mtaa. Mwigizaji haoni safu za nyuma kwa sababu taa zimemkabili, lakini safu tatu za mbele anaziona. Anaona kwamba unasoma ujumbe wakati mama yake wa jukwaani anakufa. Izime, au iweke kwenye hali ya ndegeni kabla hujakaa.

Picha, uliza mlangoni. Vikundi vingi vinaruhusu mwishoni, wakati wa kuinama na kushukuru. Video ndefu ya kupandisha mtandaoni ni kitu kingine. Huenda mwandishi wa mchezo hajaridhia, na huenda mwanafunzi hataki mtihani wake uzunguke mjini.

Chakula kimalizie nje. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, nasi tulio milangoni tulishangilia, lakini karanga zikahamia kwenye karatasi na karatasi ina makelele kuliko rambo. Pipi ya kikohozi ifungue mapema, iweke kwenye leso.

Ukichelewa, usijiingize mwenyewe. Msubiri mhudumu wa mlangoni akupe ishara; anajua ni wimbo gani au giza lipi litakaloficha miguu yako. Ukitaka kwenda msalani katikati, fanya vilevile, na ujue kurudi kutachukua muda.

Sasa, kuongea na waigizaji. Hapa wataalamu hawakubaliani nami. Kuna wanaotaka hadhira ikae kama iko mahakamani. Mimi nimekulia kwenye vichekesho vya mtaani ambako mama aliyekaa mbele akimwona kijana anarubuniwa anapiga kelele, "Mwanangu, huyo ana mke!" na onyesho linapendeza zaidi. Msimamo wangu: sauti ikikutoka yenyewe, mara moja, kwa uchungu au furaha, haina dhambi. Mwigizaji mzuri ataipokea. Kinachochosha ni mchambuzi wa pembeni, yule anayemweleza jirani yake kila kitakachotokea kwa kunong'ona, na minong'ono kwenye chumba kidogo inasafiri kuliko sauti ya kawaida.

Cheka kwa sauti. Vijana hawa wamefanya mazoezi wiki sita bila kusikia mtu akicheka, na hawajui kama mchezo wao unachekesha. Kicheko cha kwanza cha ukumbi hubadilisha namna wanavyosimama. Nimekiona kitu hicho mara nyingi na bado sichoki kukitazama.

Vigelegele vina nafasi yake kwenye ngoma, arusi ya jukwaani na mwisho. Kutunza, yaani kwenda mbele kumbandika mtu noti kama kwenye taarabu, kufanye kwenye onyesho la muziki au ngoma pekee, baada ya kuona wenyeji wanafanya. Kwenye tamthilia usithubutu. Nimeona msichana anayeigiza mjane akibandikwa elfu mbili kwenye paji la uso, machozi ya kweli yanamtoka, na noti inapepea.

Kama ni muziki

Tamasha la muziki la chuo lina faida moja ambayo ukumbi mkubwa haukupi: vyombo vya sauti ndogo. Chukua ilimba ya Wagogo, ile ya vijiti vya chuma inayochezwa kwa vidole gumba. Sanduku lake lina matundu, na matundu hayo huzibwa kwa utando wa buibui. Ilimba ikipigwa, utando unatetemeka na kutoa mvumo mwembamba nyuma ya noti, kama mtu anayevuma wimbo akiwa amefunga midomo. Ukipitisha chombo hicho kwenye spika za harusini, mvumo unageuka makelele au unapotea. Kwenye chumba cha watu themanini, bila kipaza sauti, utausikia. Zeze nalo hivyohivyo: mkwaruzo wa upinde juu ya uzi ni sehemu ya muziki. Hapo kaa mbele kabisa, na zima hata saa yako ya mkononi inayolia kila lisaa.

Ngoma ni kinyume chake. Ukifika mapema ukaona moshi nyuma ya ukumbi, usiite zimamoto. Wapigaji wanapasha ngozi kwenye moto wa makaratasi au majani makavu ili zikaze. Mpigaji anaigeuza ngoma juu ya ndimi za moto, anaiondoa, anaigonga mara moja kwa ncha za vidole huku amesogeza sikio, anairudisha. Siku ya unyevunyevu ngozi hulegea upesi na huenda watatoka tena katikati ya tamasha, jambo ambalo mshereheshaji atalificha kwa utani mrefu. Nenda ukawatazame, hakuna anayekufukuza, alimradi husimami upande wa upepo ukaja ukumbini unanuka moshi. Kisha ukae katikati au nyuma. Ngoma kubwa ndani ya chumba kidogo inapiga kifua.

Makofi yanawatatiza wengi. Kwenye kwaya na ngoma piga unapojisikia. Kwenye muziki wa kiklasiki wa Ulaya, kipande kimoja kinaweza kuwa na sehemu tatu au nne zenye vituo katikati, na desturi ni kusubiri mwisho. Usihesabu. Angalia mikono ya mpigaji: akiishusha hadi mapajani na kuinua uso, imeisha.

Umeme ukikatika

Utakatika. Kaa palepale. Usiwashe tochi ya simu hadi uombwe, kwa sababu mara nyingi waigizaji huendelea gizani dakika nzima na hiyo ndiyo inageuka kuwa sehemu bora. Usiku mmoja jenereta lilikataa kabisa, mwongozaji akatoka akasema, "Wenye simu, tusaidieni." Simu arobaini hivi zikainuliwa, wote tumezielekeza kwa yule bibi kizee jukwaani, na kila aliposogea mikono yetu ikamfuata.

Ukija na watoto au darasa zima

Watoto wa chini ya miaka saba waletwe kwenye ngoma na utambaji, na wakae nawe karibu na mlango. Tamthilia nzito waache nyumbani, labda kama unajua kilichomo.

Mwalimu unayetaka kuleta wanafunzi wa sekondari, iandikie idara barua wiki mbili kabla, utaje idadi. Wanafunzi arobaini kwenye ukumbi wa watu mia wanatawala kila kicheko na kila ukimya, na kikundi kikijua mapema kinaweza kukupa onyesho la mchana. Watawanye, ukiwakalisha pamoja watacheka pamoja, hata pale pasipo na cha kuchekwa.

Anayetumia kiti cha magurudumu apige simu mapema. Majengo mengi ya zamani yana ngazi mlangoni na wahudumu wanaweza kufungua mlango wa nyuma, ule wa kupitishia mandhari ya jukwaani, ambao huwa sawa na ardhi. Wasiosikia vizuri waombe kiti ambacho taa inaangukia nyuso za waigizaji, na waulize kama kutakuwa na mkalimani wa lugha ya alama.

Mjadala wa mwisho

Vyuo vingi huwakalisha waigizaji baada ya onyesho na kukaribisha maswali. Baki. Hapo ndipo utakapojua kwamba yule mzee ana miaka ishirini na moja.

Ukipewa nafasi, ruka ile "kwanza kabisa napenda kuchukua fursa hii." Usisimulie mchezo upya, wote tuliuona. Taja kitu kimoja ulichokiona kwa macho, kisha uulize juu yake: "Kwa nini mke hakuwahi kukalia kile kiti chekundu?" Swali la aina hiyo linawaamsha. Swali la "ujumbe wenu ni nini?" linawafanya wasome jibu lililoandikwa kwenye ripoti ya mtihani. Kama kuna kilichokukera, kiseme, ila mlenge mhusika na uamuzi wa mwongozaji, usimwaibishe kijana kwa jina mbele ya mtahini wake.

Usiende chumba cha kubadilishia nguo kupongeza. Ni kidogo, watu wamevua, na gundi ya ndevu inauma ikitolewa kwa haraka. Watoke.

Kurudi

Itakuwa yapata saa 3 usiku au zaidi. Magari ya ndani ya chuo yanapungua, na njia za vichochoroni kati ya majengo zina giza. Usikate njia kwa miguu ukiwa peke yako hata kama mwenyeji anakuambia ni karibu. Ungana na kundi hadi kituoni au ita gari kwa simu ukiwa bado kwenye mwanga wa ukumbi. Bodaboda patana nayo kabla hujapanda.

Na ukiingia kwenye daladala ukamkuta mfalme amesimama, ameshika bomba, wanja bado umemzunguka macho na konda anamdai nauli, mpongeze, msogezee nafasi, na usimwombe aigize ile sauti. Ameitumia yote.